Uchungu wa Uzazi na Maana ya Subira



Liko suala ambalo wanaume wengi hawajapata kuulizwa, na wanawake wengi hawajapata nafasi ya kulijibu. Suala lenyewe ni hili: Mwanamke aliyeshikwa na uchungu wa kujifungua, je, ni haki yake apunguziwe maumivu yale, au ni wajibu wake ayavumilie mpaka mwisho kwa kuwa ndivyo walivyozaa mama yake na bibi yake? Na sisi tuliosimama nje ya mlango tukisikia kilio chake, twadaiwa nini?

Huenda ukasema kwamba hayo ni mambo ya madaktari na wakunga, hayawahusu watu wanaozungumza juu ya maadili. La, sivyo. Daktari aweza kukwambia ni dawa gani ipunguzayo maumivu, na kwa kiasi gani. Lakini kama yafaa maumivu yale kupunguzwa, na kama mwanamke anayeomba kupunguziwa ni mtu wa imani haba, hayo hayapimwi kwa darubini. Hayo ni mambo ya akili, ya dini na ya utu.

Tulitazame suala hili kwa kuchukua mfano mmoja, nao ni tiba ya Kichina ya kuchoma sindano, ambayo wengine huiita akupancha. Tumeuchagua mfano huu kwa sababu mbili. Kwanza, ni tiba ngeni kwetu, na jambo geni humfanya mtu aseme waziwazi lile alilokuwa akilificha moyoni. Pili, ni tiba ya wastani. Haifanyi miujiza, wala si upuuzi mtupu. Na katika mambo ya wastani ndipo uadilifu wa mtu hupimwa, maana hapo hapana kelele za kumsaidia kuamua.

Na ili tusizungumze hewani, tuweke mbele ya macho yetu mahali maalumu. Tupachukue Makanya, wilayani Same, chini ya Milima ya Upare. Ni nchi ya joto na mvua haba, iliyo kando ya barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi na kando ya reli ya Tanga. Nchi ya mkonge na machimbo ya jasi. Mama wa hapo akishikwa na uchungu usiku wa manane, hana mambo mengi ya kuchagua. Iko huduma ya karibu, na mambo yakiwa mazito iko safari ya kwenda Same mjini, na yakizidi iko safari ndefu ya kwenda Moshi, kwenye hospitali ya KCMC iliyofunguliwa mwaka 1971. Huyu ndiye mwanamke tunayemzungumzia. Yafaa tusimsahau hata tukitaja nchi za mbali.

SINDANO ZENYEWE

Sindano za tiba hii ni nyembamba sana, hazina tundu, wala hazitii dawa yoyote mwilini. Huchomwa katika ngozi mahali maalumu na kuachwa kwa muda. Kwa mwanamke anayejifungua, mahali panapotumiwa sana ni pale katikati ya kidole gumba na kidole cha shahada, na upande wa ndani wa mguu juu kidogo ya kifundo. Pengine hutumika sikio au kiuno. Wachina wameandika juu ya tiba hii katika vitabu vyenye umri wa miaka ipatayo elfu mbili. Maelezo yao ya kale ni kwamba mwilini mna nguvu ipitayo katika njia zake, na kwamba sindano huifungua njia iliyozibika.

Kwetu Afrika Mashariki tiba hii haikuja kwa uvumi. Madaktari wa Kichina walifika Unguja mwaka 1964, na Tanzania Bara mwaka 1968, na tangu hapo makundi yao yamekuwa yakipokezana: Unguja na Pemba wakitoka jimbo la Jiangsu, na Bara wakitoka jimbo la Shandong. Pamoja na wapasuaji na madaktari wa macho, wamekuwamo pia wataalamu wa sindano hizi. Hivyo watu wetu walizijua kabla ya watu wengi wa Ulaya. Huko Marekani ziligeuka gumzo mwaka 1971 tu, pale mwandishi James Reston wa gazeti la New York Times alipopasuliwa kidole tumbo mjini Beijing, kisha akaandika jinsi alivyochomwa sindano kumwondolea taabu ya tumbo baada ya kupasuliwa.

Miaka ile habari nyingi zilitiwa chumvi. Ilisemwa kwamba mtu aweza kupasuliwa kifua kwa sindano tu, naye akizungumza na kucheka. Baadaye ikafahamika kwamba wagonjwa wale walikuwa wamechaguliwa, na mara nyingi walipewa dawa nyingine pamoja na sindano. Lakini uongo wa msemaji haubatilishi kila alichokisema. Mwaka 1965 wataalamu wawili, Melzack na Wall, walieleza kwamba habari ya maumivu ikienda kwenye ubongo hupita kama katika lango, na kwamba mguso mwingine mwilini waweza kulifunga lango lile kwa kiasi fulani. Ndiyo maana mtu akijikwaa hukishika kidole na kukisugua, hata kama hajafundishwa na mtu. Kisha mwaka 1975, mjini Aberdeen, Hughes na Kosterlitz walionyesha kwamba ubongo hutengeneza wenyewe vitu vinavyofanya kazi kama mofini. Katika baadhi ya majaribio yaliyofuata ilionekana kwamba dawa izuiayo kazi ya mofini huweza kuipunguza pia nguvu ya sindano za Kichina. Basi sindano hizi zilipata maelezo ambayo hayakuhitaji imani yoyote ya kigeni.

Je, kwa mwanamke anayejifungua zafaa? Mwaka 2020 watafiti waliyakusanya na kuyapima majaribio 28 yaliyokuwa na wanawake 3,960. Katika hayo, 13 yalikuwa ya sindano, na 15 yalikuwa ya kubonyeza kwa vidole mahali palepale pa sindano. Jawabu lao ni la watu waangalifu. Sindano huenda zikamfanya mama aridhike zaidi na jinsi maumivu yake yalivyotulizwa, na huenda zikapunguza haja yake ya dawa. Kubonyeza kwa vidole huenda kukapunguza ukali wa maumivu. Lakini ushahidi wenyewe si wa nguvu sana, na hapana aliyethibitisha kwamba uchungu huondoka kabisa. Hiki ndicho kiasi chake, ndugu msomaji. Asikuongezee mtu, wala asikupunguzie.

HOJA YA WANAOKATAA

Sasa tuwasikilize wale wasemao kwamba uchungu wa uzazi haufai kuguswa. Wasidhaniwe kuwa ni watu wa vijijini peke yao. Mwaka 1847 James Young Simpson, daktari wa Edinburgh, alianza kuwapa wanawake wanaojifungua dawa ya kuwatuliza, kwanza etha, kisha klorofomu. Wakatokea watu waliompinga kwa hoja ya dini, wakisema kwamba katika Biblia mwanamke amehukumiwa kuzaa kwa uchungu, na anayeuondoa uchungu huo aiondoa hukumu ya Mungu. Simpson aliwajibu kwa hoja ya dini vilevile: Mungu Mwenyewe alipotoa ubavu wa Adamu, kwanza alimletea usingizi mzito. Mwaka 1853 Malkia Victoria wa Uingereza alipewa klorofomu alipomzaa mwanawe Leopold, na kelele zikapungua. Jambo lionyeshalo kwamba wengi walikuwa wakiilinda desturi na kudhani kuwa wailinda dini. Na mwaka 1956 Papa Pius wa Kumi na Mbili aliwaambia madaktari kwamba hakuna kizuizi katika imani yao cha kumsaidia mwanamke azae bila uchungu.

Twataja hayo kwa kuwa hata baina yetu Waislamu wako wanaoisema hoja ileile bila ya kujua imetoka wapi. Katika Qur'ani Tukufu kosa la kula mti halikutwishwa Hawa peke yake. Wote wawili walikosea, wote wawili wakatubu, na Mwenyezi Mungu akapokea toba. Hapana aya isemayo kwamba uchungu wa kuzaa ni adhabu ya wanawake. Uchungu huo umetajwa, ni kweli. Umetajwa katika Sura Luqman, na katika Sura Al-Ahqaf. Lakini tazama umetajwa kwa sababu gani: umetajwa wakati mwanadamu anapousiwa kuwatendea wema wazazi wake, akikumbushwa kwamba mama alimbeba kwa udhaifu juu ya udhaifu, na akamzaa kwa taabu. Yaani uchungu wa mama umeandikwa kama deni juu yetu. Haukuandikwa kama hatia juu yake. Ni mdai gani basi, ndugu yangu, anayepelekewa deni lake kwa kuachwa alie?

MARYAMU NA AYUBU

Mtu aweza kusema: Sawa, si adhabu. Lakini subira ni ibada, na mwenye kutafuta kupunguziwa amekosa subira.

Twamjibu kwa mifano miwili. Wa kwanza ni Bibi Maryamu (A.S.). Katika sura iitwayo kwa jina lake twaelezwa jinsi uchungu ulivyompeleka kwenye shina la mtende, akiwa peke yake, hana mkunga wala dada. Akatamani laiti angalikufa kabla ya siku ile, na angalikuwa kitu kilichosahauliwa kabisa. Maneno hayo, kama yangesemwa leo katika wodi ya wazazi, yuko nesi ambaye angemkemea na yuko wifi ambaye angeyabeba na kuyatangaza mtaani. Lakini Mola wake hakumkemea. Iliyomjia ni sauti ya kumwambia asihuzunike, kwamba chini yake pana kijito cha maji, na autikise mtende zitamwangukia tende mbivu. Ale, anywe, na macho yake yatulie. Alipolia kwa uchungu, alipewa maji, chakula na maneno mema.

Wa pili ni Nabii Ayubu (A.S.), ambaye jina lake ndilo mfano wa subira katika lugha zetu zote. Naye alilia. Alimwambia Mola wake kwamba dhara imempata, naye Mola ni Mwenye kurehemu kupita wote. Jawabu lilikuwa nini? Aliambiwa apige mguu wake chini, na hapo patatoka maji ya baridi ya kuoga na ya kunywa. Na baada ya kulia kwake, na baada ya kutibiwa kwake, bado Qur'ani yamsifu kuwa alikuwa mwenye kusubiri.

Basi waliotajwa kuwa bora katika taabu waliipaza sauti yao, na wakapewa kitu cha kushikika: kijito, tende, maji ya baridi. Na kila mmoja aliamrishwa afanye sababu kwa kiungo chake, huyu kwa mkono autikise mtende, yule kwa mguu apige ardhi. Anayesema kwamba kutafuta sababu ya nafuu kwavunja subira, hana budi kuieleza mifano hii miwili.

SUBIRA NI YA NANI?

Hapa ndipo tunapofika kwenye kiini cha maneno yetu. Subira ni tendo la mwenye kuumwa. Ni yake yeye. Aweza kuishika, na akiishika apata thawabu, kwani Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba Muislamu hasibiwi na taabu, hata mwiba unaomchoma, ila Mwenyezi Mungu humfutia kwayo baadhi ya makosa yake. Lakini subira hiyo haiwezi kudaiwa na mtu mwingine aliyesimama pembeni akiwa mzima. Mwenye kuumwa akisema, "Nasubiri," hiyo ni ibada. Asiyeumwa akimwambia mwenzake, "Subiri," huku uwezo wa kumsaidia uko mkononi mwake, hiyo si ibada yake wala ya mwenzake. Ni uvivu uliovikwa kanzu.

Tazama hadithi ya mwiba yenyewe. Je, yuko mzazi anayemwona mtoto wake amechomwa na mwiba, akamwacha nao ili afutiwe makosa? Hayuko. Huutoa. Vilevile imepokewa kwamba mwanamke afaye kwa uzazi ni shahidi. Wako watu huyasema maneno haya kwa kujituliza, na ni kweli yanatuliza baada ya msiba. Lakini katika orodha hiyohiyo ya mashahidi yumo aliyezama majini na aliyeangukiwa na jengo. Nani basi aliyesimama ufukoni na kamba mkononi, akamwacha ndugu yake azame ili awe shahidi? Thawabu ya mwenye kupatwa ni siri baina yake na Mola wake. Wajibu wetu sisi ni kuitupa kamba.

Wako pia wasemao kwamba mama asipouonja uchungu wote hatampenda mtoto. Wazee walisema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na maneno hayo ni ya haki. Lakini baba hakuonja hata chembe ya uchungu ule, na wako akina baba wawapendao watoto wao hata kuwafia. Na mama aliyezaa kwa kupasuliwa, akiwa amelazwa usingizi, hampendi mwanawe chini ya mwenzake. Mapenzi ya mtoto hayanunuliwi kwa mayowe. Na kwa kawaida mwenye kuitoa hoja hii ni mtu ambaye hatazaa kamwe. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Watu wa mabonde yashukayo Makanya wanalo somo lao wenyewe juu ya jambo hili. Nchi yao ni kavu. Wahenga wao wangaliweza kusema kwamba ukame ni majaribio, na shamba lisubiri. Hawakusema hivyo. Walichimba ndiva, yale malambo ambamo maji ya mtoni hukusanywa usiku na kufunguliwa mchana yapite katika mifereji kwenda mashambani, na hata leo pale Bangalala maji hugawanywa hivyo kwa zamu. Walimwomba Mungu mvua, na wakashika jembe. Hapana aliyewaambia kwamba kuchimba ndiva ni kumkosea Mungu adabu. Je, mwili wa mwanamke una thamani ndogo kuliko shamba la mahindi, hata shamba lichimbiwe ndiva na mwanamke aambiwe asubiri?

UGENI WA TIBA, NA UKWELI WAKE

Wengine watasema: Tukubali nafuu, lakini si kwa mikono ya Wachina wasio wa dini yetu. Katika kuwajibu, watu hupenda kutaja maneno mashuhuri yasemayo elimu itafutwe hata China. Sisi hatutayategemea, kwa kuwa wanavyuoni wa hadithi wameyadhoofisha, na haki haihitaji fimbo iliyooza. Yatosha kwamba Mtume (S.A.W.) ameeleza kuwa Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia dawa, wala hakusema kwamba dawa hiyo itaota kwetu tu. Na kuumika damu kwa pembe au kikombe, jambo lililojulikana kwa Waarabu na kwa watu wa pwani yetu, nako ni kuigusa ngozi ili mwili upate nafuu. Ama maelezo ya kale juu ya nguvu ipitayo mwilini, hatulazimiki kuyaamini ili tufaidike na sindano, kama vile hatulazimiki kuiamini dini ya aliyetengeneza kwinini.

Ama juu ya sitara, jibu ni jepesi kuliko watu wadhanivyo. Mahali pengi pa sindano ni mkono, mguu na sikio. Huko Uswidi ni wakunga wenyewe waliofundishwa kuzichoma. Mwenye kuchukia binti yake aguswe na daktari mwanamume, basi ampeleke binti yake mwingine akasomee ukunga. Mtu hawezi kumzuia mwanamke asisome, kisha akalalamika kwamba hapana mwanamke wa kumtibu mkewe.

Lakini liko onyo, nalo ni zito. Imepokewa kwamba mwenye kujifanya tabibu hali hajulikani kwa utabibu, yeye ndiye mwenye kubeba dhamana. Nasi Tanzania tunayo Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na Baraza lake, ili anayetibu ajulikane na kusajiliwa. Basi anayechoma sindano chafu sokoni, au anayemwambia mama wa Makanya kwamba akichomwa hana haja ya kwenda hospitali, huyo ni mwongo, na uongo wake waweza kuua. Sindano za Kichina hazizuii damu inayomwagika baada ya kuzaa. Hazimgeuzi mtoto aliyekwama. Hazishushi shinikizo la damu linaloleta kifafa cha uzazi. Kupunguza maumivu ni jambo moja, na kuokoa maisha ni jambo jingine. Lile la kwanza lisipewe kamwe nafasi ya hili la pili. Ahadi ya kupita kiasi ni dhuluma juu ya mtu ambaye hana nguvu ya kuihakiki. Ni kama kumwuzia kiu maji ya mazigazi.

DENI LETU

Pengine sasa wauliza: Kama sindano hizi hazipatikani kwa urahisi, na hata zikipatikana nafuu yake ni ya wastani, mbona tumezungumza maneno mengi? Kwa sababu aliyekubali kwamba maumivu ya mama yafaa kupunguzwa, hawezi tena kuketi na kusema kwamba dawa haipo. Atatafuta kilichopo. Na vilivyopo si vichache.

Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kati ya kila vizazi 100 Tanzania, 81 hivi vilikuwa katika vituo vya afya. Katika uchunguzi wa miaka ya 2015 na 2016 vilikuwa 63. Hilo ni jambo la kumshukuru Mungu, kwani huko ndiko damu huzuiwa na mtoto aliyekwama hutolewa. Lakini angalia jambo moja. Zamani mama alipozalia nyumbani, palikuwapo mkono wa bibi ukimsugua kiuno, na sauti ya shangazi ikimwambia, "Bado kidogo, mwanangu." Tulipomhamishia hospitali tuliuhamisha mwili wake, na mara nyingi ule mkono tukauacha nyuma ya lango. Mama akabaki na kitanda, ukuta, na nesi mmoja anayekimbia baina ya wazazi wengi.

Na mkono ule ulikuwa dawa. Watafiti waliokusanya majaribio 26 mwaka 2017, yenye wanawake zaidi ya 15,000, walikuta kwamba mwanamke aliyekuwa na mtu wa kukaa naye muda wote wa uchungu huelekea zaidi kuzaa kwa njia ya kawaida, uchungu wake huwa mfupi zaidi, na huhitaji dawa za maumivu kwa uchache zaidi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018, lataka kila mwanamke awe na mwenzi amtakaye wakati wa kujifungua. Na kwa mwenye kuomba nafuu ya maumivu lataja, pamoja na dawa za hospitali, kupumua kwa utulivu, kukandwa, na vitambaa vya moto. Je, ni kipi katika hivi kisichoweza kufika Makanya? Kitambaa? Maji ya moto? Mkono?

Basi haya ndiyo deni, ndugu msomaji, na yafaa kila mtu achukue fungu lake.

Wewe mume, weka fedha ya safari mapema, umjue mwenye gari na nambari yake, na usingoje alfajiri kwa kuona haya kumwamsha. Muulize mkeo, kabla ya siku yenyewe, amtaka nani akae naye, na akikwambia ni mama yake, usimletee dada yako. Wewe mama mkwe, usimsimulie jinsi ulivyozaa watoto saba bila kutoa sauti. Huenda ni kweli, lakini maneno hayo si nafuu, ni mzigo juu ya mzigo. Wewe mkunga, twajua kazi yako ni kubwa na mikono yenu ni michache, lakini kemeo haliharakishi uzazi, na neno jema halina bei. Kama umefundishwa kubonyeza kwa vidole au kukanda kiuno, mwonyeshe aliyekaa naye, ili mkono wake usikae bure. Nanyi wenye madaraka, mnapojenga wodi ya wazazi, jengeni pazia na kiti kimoja kando ya kila kitanda, ili mwenzi apate pa kukaa na wengine wapate sitara yao.

Nawe dada, ambaye siku yako yakaribia, jua kwamba kuomba nafuu si aibu. Uliza ni dawa gani iliyopo, na ina faida gani na madhara gani. Ukiamua kuvumilia, huo ni uamuzi wako, na malipo yako yako kwa Mola wako. Ukilia, hujapungukiwa na imani, kwani amelia aliye bora kuliko sisi sote chini ya mtende. Lakini ukitokwa na damu nyingi, au kichwa kikiuma sana na macho yakifanya giza, au uchungu ukikucha nao na kuchwa nao bila mtoto kuja, hapo usikubali sindano ya Mchina, wala mkono wa bibi, wala maneno ya mtu yeyote yakuchelewesha njiani. Nenda hospitali.

Tumeambiwa kwamba Mwenyezi Mungu atutakia mepesi, wala hatutakii mazito. Mwenye kuyaamini hayo, basi ayaonyeshe kwa mkono wake pale mlango wa wodi unapofunguliwa na jina la mkewe, binti yake au dada yake likaitwa.